Jioni ya kokteli Mombasa: chagua upande wa maji kwanza

Wageni wengi wanaoshuka Mombasa kutafuta kokteli nzuri huja na orodha ya baa kwenye simu. Moja iko kisiwani, nyingine Nyali, ya tatu Mtwapa na ya nne Diani. Ukitazama ramani utadhani ni majirani. Jaribu kuzifuata zote usiku mmoja, pesa zitaishia kwenye teksi, jioni itaishia kwenye foleni, na kila baa utakuwa umeionja juujuu. Mji huu ni kisiwa. Kwenda kaskazini unavuka Daraja la Nyali, kwenda bara unapita Makupa, na kusini kuna feri ya Likoni. Mwenyeji akipanga usiku wake hupanga kwa maji kwanza, baa baadaye.

Haya nayaandika kwa msafiri mtu mzima, awe ametoka Nairobi kwa treni, Nakuru kwa basi au Tanga kupitia Lunga Lunga, anayetaka kunywa kidogo na kunywa vizuri. Anayetaka kulewa tu hahitaji mwongozo, njia anaijua.

1. Chagua upande, na ulale upande huohuo

Kabla ya kulipia chumba, amua utakunywa wapi. Watu hufanya kinyume: wanapata chumba cha bei nafuu mjini, kisha kila jioni wanahangaika kuvuka.

Nyali ndiyo ninayompendekezea mtu anayekuja mara ya kwanza na hamu yake ni kokteli hasa. Hapo kuna mikahawa ya hadhi, hoteli za ufuoni na baa za juu ya paa, na nyingi ziko umbali wa safari fupi ya tuktuk. Tamarind, mgahawa wa siku nyingi wenye matao ya Kiarabu, umekaa ukingoni mwa maji ukitazamana na kisiwa. English Point Marina nayo iko upande huohuo, na boti zimefungwa chini yake. Ukiwa Nyali unaweza kwenda sehemu mbili kwa usiku mmoja bila kujichosha.

Kisiwani ni kuzuri kwa mchana na jioni ya mapema. Hoteli kongwe za Moi Avenue, kama Castle Royal, zina baraza la kukaa na kuwatazama wapita njia. Lakini nikiwa mkweli, baa nyingi za kisiwani ni za bia na wiski. Kokteli zimo kwenye menyu, ila mchanganyaji huenda hajatengeneza hata moja tangu juzi. Klabu ya Mombasa, ile iliyo ubavuni mwa Fort Jesus, ni ya wanachama. Usifike mlangoni bila mwenyeji wako.

Ukielekea kaskazini utapita Bamburi na Shanzu, kwenye hoteli kubwa za ufuoni kama Whitesands na Serena. Asiye mgeni wa hoteli kwa kawaida hukaribishwa baa, lakini piga simu kwanza uulize kama kuna kiingilio, maana siku za msongamano wa wageni baadhi hufunga milango kwa watu wa nje. Mtwapa iko mbele zaidi, ng'ambo ya daraja, na hapo umeshaingia Kaunti ya Kilifi. Mtwapa ni ya muziki na kukesha. Nenda ukipenda kucheza, ila usiende ukitarajia mtu akupimie ndimu kwa utulivu saa saba za usiku.

Diani ni safari ya peke yake. Iko kusini, Kaunti ya Kwale, zaidi ya kilomita thelathini kutoka mjini. Ndiko iliko Forty Thieves, baa ya mchangani inayojulikana na kila mtu, jirani na mgahawa wa Ali Barbour's ulio ndani ya pango la matumbawe. Ukitaka Diani, lala Diani. Kwenda na kurudi usiku mmoja kupitia feri ni kujitesa, hata siku hizi ambapo mwenye gari anaweza kuikwepa feri kwa kuzungukia barabara ya Dongo Kundu.

2. Jua linazama wapi

Hili huwachanganya wengi. Fuo za Nyali, Bamburi na Diani zote zinatazama mashariki. Jua huchomoza baharini na kuzama nyuma yako, juu ya minazi na maegesho ya magari. Kwa hiyo aliyekuuzia picha ya kokteli na jua likizama baharini Diani amekuuzia picha ya kwingine.

Jua la kuzama litafute kwenye hori, ile mikono ya bahari inayoingia bara. Ukikaa kwenye ukingo wa Nyali unaotazama kisiwa, jua hushuka juu ya mapaa ya Mji wa Kale. Hori ya Mtwapa nayo inafaa kwa kazi hii, na kuna mgahawa unaoelea hapo, The Moorings, ambako unaweza kukaa juu ya maji yenyewe. Mwaka mzima jua la Mombasa huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasorobo. Fika saa kumi na moja na nusu. Ukifika saa kumi na mbili, viti vya mbele vina wenyewe.

Ufuo wa mashariki una zawadi yake, ila ni ya siku chache kwa mwezi. Mwezi ukiwa mpevu huchomoza baharini karibu na wakati jua linapozama, na siku inayofuata huchelewa kama dakika hamsini. Tazama kalenda kabla ya kukata tiketi. Siku hizohizo ndizo za bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, kwa hiyo baa ya mchangani inaweza kuwa na ufuo mpana saa tano asubuhi na mawimbi ukutani alasiri. Uliza hotelini maji yatajaa saa ngapi. Upepo nao una misimu yake: wakati wa kusi, hasa kuanzia Mei hadi Agosti, upepo wa ufuoni hubeba leso na menyu, na mwani hurundikana mchangani. Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia, joto hupanda, na maembe hujaa sokoni. Huo ndio msimu wangu.

3. Pita sokoni kabla ya kwenda baa

Nenda Marikiti kisiwani, au Kongowea ukiwa upande wa Nyali, saa za asubuhi. Huendi kununua mengi. Unakwenda kujua nini kimeiva. Ukiona ngowe na boribo zimetandazwa kila mahali, ujue embe ya jioni itakuwa embe ya kweli. Ukikuta pasheni zimejaa, agiza pasheni. Ukiona embe ni chache na ghali, basi ile kokteli ya embe iliyo ukurasa wa kwanza wa menyu inatoka kwenye boksi, na boksi hilohilo unalipata dukani kwa bei ya soda mbili.

Vitu vya kuvikumbuka kichwani, maana ndivyo vinavyoitofautisha kokteli ya Mombasa na ya mji mwingine wowote: ukwaju, madafu, ndimu, tangawizi, iliki, mdalasini, pilipili, na bungo likiwa msimu wake. Ukwaju una uchachu na uzito kwa pamoja, na unakaa vizuri na ramu au wiski. Madafu yanapenda ramu nyepesi au jini, lakini yakishafunguliwa hayadumu, kwa hiyo omba dafu likatwe siku hiyohiyo na ikiwezekana ulione. Bungo lina harufu kubwa. Wengine hawaliwezi, mimi nadhani ni tunda lililodharauliwa bure na wenye baa.

Kuhusu mnazi: tembo la mnazi lina mahali pake, nalo ni mangwe, kilabu cha tembo cha kienyeji, si hoteli. Mgema hupanda asubuhi na jioni, na tembo huanza kuchachuka mara tu linapodondoka kibuyuni. La asubuhi ni tamu, la jana ni kali. Ukitaka kulijua, nenda mchana na mwenyeji wa Kilifi au Kwale anayejulikana pale, unywe kidogo, na usilichanganye na kokteli za usiku.

4. Kula kwanza

Sina mengi hapa. Joto la Mombasa na tumbo tupu havipatani na kileo. Mishikaki, viazi karai, samaki wa kupaka na wali wa nazi, chochote chenye uzito. Kama uko kisiwani alasiri, muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu pale Lighthouse, ufukoni mwa Mama Ngina, utakuweka sawa hadi saa tatu. Kunywa maji kabla hujaondoka chumbani.

5. Kaa kaunta, tena mapema

Meza ya pembeni ni ya wapendanao na wanaojadili biashara. Anayetaka kujua baa hukaa kaunta, kwenye kiti kirefu, anapoweza kuiona mikono ya mchanganyaji. Kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni baa nyingi bado zimepoa, mtu wa kaunta ana nafasi ya kuzungumza, na matunda yamekatwa sasa hivi. Saa nne usiku wa Jumamosi hata fundi wa kweli atakupa alichoweza kukitengeneza upesi.

Saa zina sheria yake pia. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 iliziwekea baa za kawaida saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Hoteli na vilabu vya usiku vina leseni tofauti, na kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale kila moja husimamia leseni zake. Umri ni miaka 18, kwa hiyo beba kitambulisho hata kama ndevu zako zinajitosheleza.

Salamu kwanza. Mombasa hauagizi kitu kwa mtu ambaye hujamsalimu. Kisha uliza swali moja ambalo litakufungulia mambo mengi:

"Kaka, leo matunda gani yameingia?"

"Pasheni na embe. Ukwaju pia upo, nimeuloweka tangu asubuhi."

"Basi nifanyie kitu cha ukwaju, kisiwe kitamu sana. Kileo nichagulie wewe."

"Wataka kali ama laini?"

"Laini. Usiku bado mrefu."

Ona jinsi mgeni huyu hakutaja jina la kokteli hata moja. Ametaja ladha, utamu na nguvu, na hayo matatu yanamtosha mchanganyaji. Ukikutana na dada kaunta, ni vivyo hivyo, na usimwite kwa kupiga vidole wala kwa "wee". Ukimwona ameuliza swali la pili, kama yule alivyouliza kali au laini, umefika mahali pazuri. Akikujibu "kila kitu kipo" bila kugeuka kutazama alichonacho, agiza bia baridi na usimlaumu mtu.

6. Glasi ya kwanza ni ya kupima

Agiza kitu chepesi kuelezeka na kigumu kudanganya. Chaguo langu la kwanza Kenya ni dawa. Kokteli hii ilipata umaarufu katika mgahawa wa Carnivore jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980 na kampuni ileile yenye Tamarind. Ni binamu ya Caipirinha ya Brazili, ila kashasa, kile kileo cha miwa, imeondolewa ikawekwa vodka, na asali imeongezwa. Vipande vya ndimu na sukari hupondwa kidogo ndani ya glasi, barafu iliyovunjwa hujazwa, vodka humiminwa, kisha huja kijiti kilichochovywa asali. Kijiti hicho ni usukani wako. Unakikoroga kila baada ya funda mbili tatu, na utamu unapanda kadiri unavyotaka.

Tazama mambo mawili. Ndimu imepondwa au imesagwa? Ikisagwa sana, ganda hutoa uchungu unaobaki ulimini. Na asali ni asali, au ni shira ya sukari iliyopakwa rangi? Asali hung'ang'ania kijitini ikiguswa na barafu, shira huteleza. Ukitaja dawa kwenye mkahawa wa chai badala ya baa utaletewa ile ya moto, ya tangawizi, ndimu na asali, isiyo na kileo. Nayo ni nzuri, hasa kesho yake.

Kama dawa imekuchosha, agiza Daiquiri. Simaanishi ile ya matunda iliyosagwa na mashine. Namaanisha ile ya asili ya Cuba, ramu nyeupe, ndimu na shira, iliyotikiswa na kuchujwa, kwa vipimo vya karibu mililita 60 za ramu, 30 za ndimu na 20 za shira. Vitu vitatu tu, hakuna pa kujificha. Ndimu ya jana utaijua, ramu mbaya utaijua, mkono unaomimina bila kipimo utaujua. Hilo la mwisho ni muhimu. Mchanganyaji anayemimina kwa kukadiria huonekana fundi, na wengine ni mafundi kweli, lakini kokteli ya pili haitafanana na ya kwanza. Wewe mtafute anayetumia kipimo bila kuona haya.

Kuna jina moja la kuliogopa: Long Island Iced Tea. Ni vodka, jini, ramu, tekila na likeri ya machungwa katika glasi moja, limau kidogo na soda ya kola juu. Katika mikono mizuri inanyweka. Katika mikono ya kawaida ni njia ya kumaliza chupa zilizobaki, nawe utakuwa umenunua usingizi wa mapema kwa bei ya glasi mbili nzuri.

Menyu yenyewe nayo husema. Kokteli kumi au kumi na mbili, zenye matunda ya msimu na zilizoandikwa vilivyomo, ni dalili njema. Kokteli sitini zenye picha za miavuli midogo na rangi ya buluu ni dalili ya friza iliyojaa maboksi. Ukiona chupa ya jini ya Procera kwenye rafu, muulize kuhusu hiyo. Inatengenezwa Nairobi kwa matunda ya mreteni wa Afrika, na mchanganyaji anayeipenda kazi yake kwa kawaida huwa na la kusema juu yake. Kenya Cane, kileo cha miwa, inapatikana kila mahali na ni nafuu. Ukichanganya na ndimu na madafu inafaa sana, na yeyote anayekucheka kwa kuiomba anakutajia bei ya viatu vyake tu.

7. Barafu, ndimu na ile chupa iliyosahaulika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Mombasa si London na si hata Nairobi. Mwaka 1806 gazeti moja la jimbo la New York lilieleza kokteli kuwa ni kileo, sukari, maji na bitasi, yale matone machungu ya mitishamba. Watu husahau hayo maji. Kokteli iliyotikiswa sawasawa, robo yake hivi ni maji yaliyoyeyuka kutoka kwenye barafu. Maji hayo si ajali, ni sehemu ya mapishi. Sasa fikiria barafu iliyokaa kwenye ndoo wazi, nje, katika joto la nyuzi 31. Imeshaanza kuyeyuka kabla haijaingia koponi. Ukiitikisa, kinywaji kinakuwa chepesi kabla hakijapoa. Kwa hiyo tazama barafu inatoka wapi: kwenye friza au sanduku lenye kifuniko, ngumu na kavu, ni sawa. Kwenye ndoo yenye maji chini, agiza kitu cha glasi ndefu chenye soda, ambako maji ya ziada hayadhuru sana.

Onja barafu yenyewe. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvichumvi, na sehemu isiyojali hugandisha maji hayohayo. Utaisikia chumvi mwishoni mwa funda. Hoteli na mikahawa mikubwa hutumia maji yaliyosafishwa. Kwenye kibanda cha ufuoni usichokijua, omba kinywaji cha chupa, au dafu lenyewe.

Ndimu: ikamuliwe siku hiyo, na vizuri zaidi mbele yako. Maji ya ndimu yaliyolala hupoteza harufu na kubakiza ukali tu.

Chupa iliyosahaulika ni vamuthi, inayotumika kwenye Negroni, Martini na Manhattan. Vamuthi ni divai iliyoongezwa nguvu na kutiwa mitishamba. Ikishafunguliwa inatakiwa kukaa kwenye friji, na hata huko huchoka baada ya wiki chache. Katika baa nyingi za pwani utaiona imesimama rafuni, vumbi shingoni, jua la alasiri likiipiga. Negroni ni jini, Campari na vamuthi nyekundu kwa vipimo sawa, hivyo theluthi ya glasi yako inatoka kwenye chupa ile. Kabla hujaagiza, uliza kwa upole vamuthi inawekwa wapi. Akifungua friji, agiza. Akinyoosha mkono rafuni, rudi kwenye ndimu na ukwaju, ambako pwani haina mpinzani.

Kuhusu mirija: tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi, fuo zikiwemo, na ile ya karatasi hulegea kabla ya nusu ya glasi. Omba usipewe.

8. Pesa

Bei hupishana sana, na hoteli ya ufuoni hupita shilingi elfu moja kwa glasi bila kupepesa. Uliza kabla, si aibu. Soma chini ya menyu kama bei imejumuisha kodi na ada ya huduma. Ikiwa ada ya huduma imo kwenye bili, bakshishi ni hiari yako. Ikiwa haimo, mwachie aliyekuhudumia kitu mkononi, na yule wa kaunta umkumbuke kando, maana mara nyingi kinachoachwa mezani hakimfikii.

Wenyeji hulipa kwa Lipa na M-Pesa. Omba namba ya till, yaani namba ya malipo ya biashara, iandike mwenyewe, na usome jina la biashara linalotokea kabla hujathibitisha. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi, omba till na risiti. Mgeni kutoka Tanzania abebe shilingi za Kenya au kadi, asitegemee simu yake pekee. Na mkiwa wengi, kila mtu alipe chake anapoletewa. Bili moja ya watu sita saa sita usiku imevunja urafiki mwingi kuliko siasa.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Msifu mchanganyaji, ndiyo, ila baada ya glasi ya mwisho.

9. Kuwekewa mchele

Mtu yeyote wa Kenya anajua maana yake: dawa ya usingizi ndani ya kinywaji, kisha simu, pesa na fahamu vinatoweka pamoja. Wanaume hulengwa sawa na wanawake, na anayefanya hivyo huwa mcheshi sana. Glasi yako isibaki peke yake. Ukienda msalani, imalize au iache na uagize nyingine. Kinywaji ulichonunuliwa na mtu usiyemjua kipokee kaunta, kutoka mkono wa mchanganyaji. Ukihisi kizunguzungu kisicholingana na ulichokunywa, mwambie mtu wako au mhudumu papo hapo, usikubali "rafiki" mpya akusindikize chumbani, na upelekwe hospitali. Namba za dharura ni 999 na 112.

Chupa bandia nazo zipo. Stempu ya ushuru kwenye chupa inaweza kukaguliwa kwa programu ya Soma Label ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Sikutumi ukague rafu nzima, lakini ukinunua chupa ya kubeba, kagua.

10. Adabu ya mji

Mombasa ni mji wa misikiti. Mji wa Kale si mahali pa kokteli. Ni mahali pa kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, na kashata au haluwa kando, na unakwenda hapo kabla ya kunywa, si baada. Usipite vichochoroni na chupa mkononi wala ukinuka pombe. Funika mabega na magoti, ufuo una mavazi yake na mtaa una yake. Mwezi wa Ramadhani baa za hotelini huendelea, lakini mjini fanya mambo yako kwa staha zaidi.

Katika kundi lako kutakuwa na asiyekunywa, na mwenyeji wako huenda ni yeye. Usimuulize kwa nini. Baa nzuri itamtengenezea ukwaju na tangawizi, au pasheni, ndimu na iliki, kwa uangalifu uleule na kwenye glasi nzuri ileile. Kwa kweli hicho ni kipimo kingine cha baa: mokteli ikija kama juisi ya watoto yenye sukari tupu, usitarajie makubwa kutoka kwenye kokteli zao.

11. Kurudi

Usiendeshe. Polisi wenye kipima ulevi husimama barabarani wikendi, na hata wasiposimama, jibu ni lilelile. Uber na Bolt zinafanya kazi kisiwani na Nyali, na tuktuk zipo hadi usiku. Patana bei kabla hujapanda, na mwambie dereva jina la jengo au mzunguko wa barabara ulio karibu, kwa sababu nyumba nyingi hazina namba. Boda usiku baada ya glasi tatu, hapana. Ukiwa lazima uvuke Likoni, feri hufanya kazi usiku kucha, lakini ondoka mapema wakati bado kuna watu wengi, simu ikiwa ndani ya mfuko na glasi ya mwisho ikiwa ya maji.

Kama unarudi Nairobi kwa treni ya SGR, usiweke usiku wako mkubwa mkesha wa treni ya asubuhi. Kituo kiko Miritini, nje ya kisiwa, ukaguzi wa mizigo huchukua muda, na inayoondoka saa mbili asubuhi inakutaka uwe pale saa moja. Ikiwa huna budi, chukua ya saa tisa alasiri. Utapata nafasi ya mahamri na mbaazi, dafu moja la baridi, na kuoga mara mbili.